Kutoka TV ya Chogo Hadi Hezi 500: Historia Fupi ya Kioo cha Gemu

Najua nimepotea. Kazi za chumba cha habari hazina huruma, na kila nikikaa niandike hapa simu inaita. Safari hii aliyepiga simu ndiye aliyeniletea mada.

Ni mdogo wangu, yuko chuo Dodoma. Kaweka akiba mihula miwili, kafanya vibarua vya kuchora mabango ya matangazo, kajinyima hadi chipsi mayai, na sasa anataka monita ya kuchezea gemu. Akanitumia picha tatu alizopigiwa na rafiki yake Kariakoo. "Dada, nichukue ipi? Ya inchi 32 ndiyo kubwa, halafu bei yake ndiyo ndogo."

Moyo ulinilipuka. Hela ile ikitoka hairudi, na nyingine hana mpaka mwakani. Tena swali hilohilo niliwahi kujiuliza mwenyewe na nikajijibu vibaya. Miaka kadhaa nyuma niliingia duka moja (silitaji, muuzaji hakunidanganya, nilijidanganya mwenyewe) nikatoka na inchi 32 kifuani kama nimebeba mtoto. Nikaiweka kwenye meza yangu ndogo, nikavuta kiti. Herufi zilionekana kama zimejengwa kwa matofali. Nikifungua gemu na kugeuza kamera haraka, ukuta, miti na adui wote wanakuwa uji mmoja mweusi.

Kilichonitesa zaidi ni kumbukumbu. Wiki ileile nilikuwa nimempa fundi wa mtaani TV yetu ya chogo, ile tuliyohama nayo kutoka Tanga, aing'oe nyaya za shaba auze. Na kwenye chogo lile, miaka yote tuliyopigania pedi za PlayStation, picha haikuwahi kuwa uji. Inakuwaje kifaa cha kizamani, kizito kama gunia la saruji, kikishinde kipya? Nikaanza kusoma. Haya ndiyo niliyoyakuta, na ndiyo niliyomjibu mdogo wangu, ingawa yeye alitaka jibu la neno moja.

Tuanze na chogo lenyewe. Mwaka 1897 Mjerumani Karl Ferdinand Braun alitengeneza tyubu ya kioo ambamo mshale wa elektroni unarushwa kutoka nyuma na kugonga kioo cha mbele kilichopakwa kemikali inayong'aa ikigongwa. Ukiuyumbisha mshale kwa sumaku, unachora. Hicho ndicho chogo: nafasi ya mshale kusafiri kutoka nyuma hadi mbele. (Braun alikuja kupata Nobel mwaka 1909 pamoja na Marconi, lakini kwa mambo ya redio.)

Oktoba 1958, katika maabara ya Brookhaven, Marekani, mwanafizikia William Higinbotham alitaka wageni wa siku ya maonesho wasichoke. Bwana huyu alikuwa amefanya kazi kwenye mradi wa bomu la nyuklia wakati wa vita. Akaunganisha kompyuta na kioo cha kupimia umeme, akatengeneza tenisi ya watu wawili. Kioo kilikuwa duara la inchi 5, kidogo kuliko simu uliyoshika sasa hivi. Watu walipanga foleni. Na mwaka uliofuata, 1959, gemu lilirudi na kioo kikubwa zaidi! Yaani ugonjwa wa mdogo wangu ulianza na gemu lenyewe, haukusubiri hata miaka miwili.

Baada ya hapo, kwa muda mrefu hapakuwa na cha kuchagua. Ulicheza kwenye TV ya sebuleni, basi. Magnavox Odyssey, konsoli ya kwanza ya nyumbani, ilipotoka mwaka 1972 ilikuja na karatasi za plastiki zenye michoro ya kubandika juu ya kioo cha TV, kwa sababu mashine yenyewe ilijua kuchora nukta na mstari tu. Karatasi hizo zilikuja katika saizi mbili ili ziwafae wenye TV ndogo na wenye TV kubwa. Mwaka huohuo Allan Alcorn wa Atari alipokuwa akiunda Pong, alikwenda duka la kawaida akanunua TV ya Hitachi isiyo na rangi kwa dola 75, akaitia ndani ya kasha la mbao. Gemu lililoanzisha biashara nzima ya mabilioni lilionyeshwa kwenye TV ya bei poa. Chapa haikuwa hoja kabisa.

Hoja kubwa ilikuwa mahali pengine, nayo inatuhusu moja kwa moja sisi tuliotawaliwa na Mwingereza. Ni umeme.

Kwenye kila boksi la monita utaona namba ya hezi. Maana yake ni mara ngapi kioo kinabadilisha picha ndani ya sekunde moja. Kwa nini kwa miaka mingi namba hiyo ilikuwa 60, au kwetu 50? Kwa sababu TV za mwanzo zilifungwa kwenye mapigo ya umeme wa ukutani. Picha zikipishana na mapigo ya umeme, mistari inatembea juu ya kioo kama mawimbi. Marekani umeme wao ni hezi 60, Uingereza ni hezi 50, na wetu pia ni hezi 50. Zanzibar ilipoanzisha televisheni mwanzoni mwa miaka ya 1970, ikaanza moja kwa moja na rangi, mfumo uliotumika ulikuwa wa PAL, hezi 50. Bara tukasubiri hadi 1994, mfumo uleule.

PAL haikuwa mbaya. Ilikuwa na mistari 625 wakati Wamarekani walikuwa na 525, kwa hiyo picha yake ilikuwa na undani zaidi. Tatizo ni kwamba gemu nyingi ziliundwa Japani na Marekani zikihesabu muda kwa picha, siyo kwa saa. Ukipunguza picha kutoka 60 hadi 50, dunia yote ndani ya gemu inatembea taratibu. Sonic wa mwaka 1991, yule kalunguyeye wa Sega aliyeuzwa kwa sifa moja tu ya mbio, kwenye mashine za PAL alikimbia pungufu kwa karibu asilimia 17, na muziki ukaburuzika naye. Kipande kilichomchukua Mmarekani sekunde 50 kilimchukua mwenye PAL sekunde 60. Juu na chini mistari myeusi, kwa sababu picha haikutosha kujaza ile mistari ya ziada. Kaka zetu waliocheza hivyo wala hawakujua. Walidhani Sonic ndivyo alivyo.

Naomba ukumbuke jambo hilo, kwamba tulikuwa na mistari mingi zaidi na mwendo pungufu. Ndiyo vita ya resolusheni na hezi, na ilikuwepo sebuleni kwetu kabla hatujajua majina yake.

Upande wa kompyuta mambo yalikwenda tofauti. Mwaka 1987 IBM walileta VGA: nukta 640 kwa 480 zenye rangi 16, au nukta 320 kwa 200 zenye rangi 256. Wachoraji wa gemu walichagua rangi. Doom, iliyotoka Desemba 1993, ilikuwa nukta 320 kwa 200, ikibadilisha picha hadi mara 35 kwa sekunde, nusu kamili ya hezi 70 za kioo katika hali hiyo. Miaka miwili baadaye John Carmack, kichwa cha uandishi wa programu wa Doom, alikuwa anaandika Quake mbele ya monita ya inchi 28 yenye nukta 1920 kwa 1080. Mwaka 1995! Resolusheni ileile ambayo mdogo wangu anaiona ndiyo ya kawaida leo, mtu alikuwa nayo mezani kabla mimi sijazaliwa. Kwenye picha inayosambaa mtandaoni monita hiyo imemfunika mezani kama friji lililolazwa.

Na hapa chogo lilikuwa na siri. Mshale wa elektroni hauna nukta za kudumu. Ukiuambia uchore mistari michache, unamaliza mapema, kwa hiyo unaweza kurudia mara nyingi zaidi kwa sekunde. Wachezaji wa Quake, na baadaye wa Counter-Strike iliyoanza mwaka 1999, wakaligundua hilo. Wakashusha resolusheni kwa makusudi hadi 800 kwa 600 au 640 kwa 480, wakapandisha hezi hadi 100 na zaidi. Picha haikuwa na urembo, ila adui akichungulia kwenye kona unamwona mapema. Na kioo hakikulalamika: picha ndogo ilibaki kali.

Halafu tukayatupa yote hayo.

Sitaki kusema dunia ilidanganywa. Vioo bapa vya LCD vilikuwa na sababu zake: vyepesi, vinakula umeme kidogo, meza ya ofisi inabaki na nafasi, na kontena moja linabeba vingi zaidi. Aliyeamua alikuwa meneja wa ofisi mwenye kompyuta mia mbili za kununua, na yeye anafungua jedwali la mishahara, hatafuti adui kwenye kona. Katikati ya muongo wa 2000 LCD zikawa zimeshinda sokoni. Trinitron ya Sony, iliyoanza mwaka 1968 na kuheshimiwa kuliko machogo yote, ilifikishwa mwisho wa utengenezaji mwaka 2008.

Wachezaji walipoteza nini? Vitu vitatu kwa mpigo. Kwanza, hezi zilirudi 60. Pili, LCD ina nukta za kudumu zilizopangwa kiwandani, kwa hiyo ukishusha resolusheni picha inavutwa na kuwa na ukungu. Tatu ni ule uji wangu. LCD nyingi za mwanzo zilihitaji milisekunde 25 hivi kubadilisha rangi ya nukta moja, wakati kwa hezi 60 picha mpya inafika kila baada ya milisekunde 16.7. Yaani nukta haijamaliza kuvaa nguo ya kwanza, tayari inaambiwa ivae ya pili.

Hata nukta zilipoharakishwa, ukungu haukuisha, na hili lilinichukua muda kulielewa. Fikiria uko disko wanawasha zile taa zinazomwekamweka. Kila ikimulika unamwona mchezaji kaganda, mkali, kila kidole unakihesabu. Chogo ni taa ile: linamulika picha kwa muda kama wa milisekunde moja, kisha giza, kisha picha nyingine. LCD ni taa isiyozimika. Inashikilia picha moja hadi nyingine ije. Jicho lako linalofuata mpira uwanjani halisimami, linateleza mfululizo, lakini mpira unasimama, unaruka, unasimama. Ukungu unatokea jichoni mwako. Dawa ni mbili tu: kuongeza idadi ya picha, au kurudisha giza katikati yake.

Ukombozi wa kwanza ulikuja kwa bahati, tena kwa mlango wa sinema. Mwaka 2009 Nvidia walitaka kuuza miwani ya 3D, na miwani hiyo ilihitaji picha 60 kwa kila jicho. Jumla 120. Ndipo Samsung 2233RZ na ViewSonic VX2265wm, zote za inchi 22, zikatoka na hezi 120. Kichaa cha 3D kilikuja kikapita, miwani imejaa vumbi, lakini wachezaji walivua miwani wakabaki na hezi.

Mwaka uliofuata, 2010, BenQ wakafanya jambo ambalo nadhani ndilo mwanzo halisi wa "monita ya gemu" kama bidhaa. Badala ya kuwauliza mameneja wa ofisi, waliwaita Waswidi wawili mabingwa wa Counter-Strike: Emil Christensen, maarufu HeatoN, na Abdisamad Mohamed, maarufu SpawN (ndiyo, jina umelisoma sawasawa). Ikatoka XL2410T: inchi 23.6, nukta 1920 kwa 1080, hezi 120. Zingatia saizi hiyo. Watu wanaoishi kwa gemu hawakuomba inchi 32. Walitaka kioo ambacho jicho linakimaliza chote bila kugeuza shingo. Na hadi leo mashindano makubwa ya Counter-Strike yanachezwa kwenye vioo vya inchi 24 au 25.

Yaliyofuata nayapitia mbio. Mwaka 2012 zikaja hezi 144. Mwaka 2013 Nvidia wakatangaza G-Sync, kioo kinachosubiri kadi ya picha badala ya kuikimbia, hivyo picha haikatiki vipande viwili. AMD wakajibu na FreeSync, ya bei nafuu, na mwaka 2019 Nvidia wenyewe wakakubali kadi zao zifanye kazi na monita za mfumo huo. Kwa hiyo leo mtu asikutoze pesa ya ziada kwa nembo hiyo tu. Hezi 360 zilifika 2020, hezi 500 mwaka 2023. Vioo vya OLED, ambavyo nukta yake inabadilika karibu papo hapo, viliingia mezani kwa nguvu mwaka 2022 na Alienware ya inchi 34. Vizuri mno, na havinihusu kwa mshahara huu.

Sasa chapa, maana ndiyo inayoleta ugomvi vijiweni. Mwaka 2015 ASUS walitoa PG279Q na Acer wakatoa XB271HU. Mashabiki walitukanana mtandaoni ipi bora. Zote mbili zilikuwa inchi 27, nukta 2560 kwa 1440, hadi hezi 165, na kioo cha ndani kilitoka kiwanda kimoja, AU Optronics cha Taiwan! Wanaotengeneza vioo vyenyewe duniani ni wachache: AU Optronics na Innolux wa Taiwan, BOE wa China, LG Display wa Korea na wenzao kidogo. Samsung Display waliacha kabisa kutengeneza LCD mwaka 2022, lakini LCD zenye jina la Samsung bado ziko madukani. Chapa inakupa stendi, vitufe, waranti na uangalizi kiwandani. Siyo vitu vidogo, hasa waranti kama kweli kuna mtu Dar wa kuitekeleza. Lakini kioo ni kioo.

Tena usidanganyike na "milisekunde 1" iliyoandikwa kwa herufi kubwa. Hupimwa katika hali nzuri kuliko zote, mara nyingi nukta zikiwa zimesukumwa kwa nguvu hadi zinapitiliza na kuacha kivuli cheupe nyuma ya kila kinachokimbia. Ile yangu iliandikwa hivyohivyo. Ilikuwa kioo cha aina ya VA, chenye weusi mzuri sana wa usiku, na vingi vya aina hiyo vya bei ya chini husuasua kutoka kwenye weusi kwenda rangi nyingine. Ndiyo maana uji wangu ulikuwa mweusi.

Na matofali? Hesabu ya shule ya msingi. Nukta 1920 kwa 1080 ukizitandaza kwenye inchi 24 unapata nukta 92 hivi kwa kila inchi. Zitandaze kwenye inchi 32 unabaki na 69. Muuzaji anakuongezea kioo, haongezi picha hata nukta moja. Ni chai ileile kwenye sufuria kubwa. Inchi 27 inataka 2560 kwa 1440, inchi 32 inataka 4K. Ila 4K ina nukta milioni 8.3, mara nne ya 1080, na kadi ya picha ndiyo itakayozichora zote, kila picha, kila sekunde.

Nikampigia. "Kadi yako ni ipi?" Akaniambia, ni ya kawaida. "Unacheza nini?" Mpira, muda mwingi, na Counter-Strike wikiendi na wenzake wa hosteli. "Meza ina upana gani?" Kimya, kisha: "Dada, ni meza ya hosteli." Basi, inchi 24, 1080, kioo cha IPS, hezi 144 au zaidi, chapa yoyote ambayo duka litakubali kuirudisha. Angekuwa na PS5 ningemwambia 1440, maana Sony waliifungulia konsoli hiyo resolusheni hiyo Septemba 2022. Na kabla hajalipa aombe iwashwe, afungue ukurasa mrefu wenye maandishi, auburuze haraka juu na chini huku akijaribu kusoma.

Alinung'unika kidogo. Inchi 32 ilikuwa imeshamkaa moyoni. Lakini alichukua ya 24, na sasa meseji zake ni za magoli tu.

Mimi kuna jambo halikuniacha. Ili LCD au OLED inayoshikilia picha ifikie ukali wa chogo kwenye mwendo, inahitaji karibu hezi 1000. Hatujasikia mwisho wake. Wachezaji wa Super Smash Bros. Melee ya mwaka 2001 bado wanabeba machogo kwenda nayo mashindanoni. Sony FW900, chogo la inchi 24 la kompyuta, linatafutwa na wakusanyaji kwa bei ambayo huko nyuma mtu angelipwa kuliondoa ofisini.

Jumamosi iliyopita nikapita kwa fundi kuuliza, kwa aibu kidogo, kama labda kuna kilichobaki cha ile TV ya Tanga. Ilikuwa pale juu ya benchi, nzima, inawaka. Hakuing'oa hata waya mmoja. Anaitumia kujaribia ving'amuzi na deki za watu. Nikamwuliza anataka shilingi ngapi.

"Hii siuzi, dada," akasema, na kurudi kwenye kazi yake.